Ukuta Uliofunikwa Magunia

Majirani walimwita Darubini, na wala hakuchukia. Mwanamke anayeshinda dirishani akishona sare za shule, mguu kwenye cherehani na macho barabarani, angeitwaje tena? Alijua nani kagombana na nani, nani kahama kimyakimya, na paka wa nani anakula kwa nani. Basi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipokuja siku moja na kusema kwamba nyumba itakarabatiwa kwa chokaa, machale yalimcheza papo hapo.

Shemeji huyu alikuwa muuza saruji na vigae. Tangu kaka yake azikwe, wimbo wake ulikuwa mmoja: nyumba hii ya mawe na boriti imechoka, imekula chumvi, heri iuzwe kabla haijamwangukia mtu. Leo huyohuyo alikuwa amekaa sebuleni, kakunja nne, anaisifia chokaa.

“Shemeji, wewe na chokaa wapi na wapi?” Darubini alimuuliza.

“Duka ni duka, nyumba ni nyumba,” akajibu. “Ofisi ya majengo ya kale wanasema saruji ndiyo inayoziua kuta hizi. Inafungia unyevu ndani. Wewe tuachie sisi, usijichoshe.”

Usijichoshe! Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Mtu akikwambia usijichoshe, ujue kuna jambo hataki ulijue. Na Darubini hakuwa na pa kwenda. Aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi, akamzika mume humu, na ndugu zake wa damu walikuwa wametawanyika huko na huko. Akitolewa humu, atakiweka wapi cherehani chake?

Fundi aliyeletwa alikuwa mwembamba, mpole, mchache wa maneno. Hayo yote kwa Darubini yalikuwa makosa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa chumba cha mbele anamoshonea Darubini, ule unaobeba boriti za juu. Plasta ile mumewe aliipiga kwa mikono yake mwenyewe, akaringa nayo mtaa mzima. Kila nyundo ilipogonga, Darubini aliumia kama anayepigwa yeye. Chini yake mawe yalikuwa yanatoka jasho, lakini hilo hakutaka kuliona.

Fundi akapiga plasta mpya ya chokaa na mchanga, hapo na kwenye ukuta wa jikoni, akailainisha taratibu, halafu akafanya kioja. Alitundika magunia ukuta mzima, kutoka juu hadi chini, akayalowesha chapachapa. Akawa anakuja asubuhi na jioni na ndoo yake kuyamwagia maji.

“Fundi, huo ni ukuta au bustani ya maua?”

Fundi alicheka kidogo. “Ndiyo kazi yake, mama. Wewe usiuguse tu.”

Darubini naye akacheka, cheko la meno tu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa vitambaa. Alijua nguo ikikaa na maji inafanyaje: inaota ukungu, inaoza, inachanika ukiivuta. Hawa wanauozesha ukuta, alijiambia. Wanataka uanguke wenyewe, ili kesho waseme ni uzee.

Kama alikuwa na shaka bado, ilimtoka siku alipomsikia shemeji yake akizungumza kwenye simu uani. “Ukuta wa mbele ukishindwa, basi tena,” alikuwa akisema. “Hapo ni kubomoa nyumba nzima, hakuna namna.” Alipogeuka na kumwona Darubini kwenye ngazi, alikata simu na kuuliza habari za kushona. Habari za kushona! Mtu ambaye hajui sindano inaingilia wapi!

Tangu siku hiyo Darubini alijifunga kibwebwe. Fundi akishamwaga maji ya asubuhi na kwenda zake kwenye vibarua vingine, yeye aliyashusha magunia, akafungua madirisha yote, akawasha majiko mawili ya mkaa na kuyasogeza karibu na ukuta. Alikaa hapo na shali kichwani, jasho likimtiririka, akiutazama ukuta ukipauka kidogokidogo. Jua likianza kushuka, aliyaondoa majiko, akafagia jivu, akayalowesha magunia na kuyatundika kama yalivyokuwa. Fundi akija jioni, anakuta kila kitu kinachuruzika maji.

Siku moja Fundi alipenyeza kiganja nyuma ya gunia, akakunja uso. Darubini alimwona kupitia upenyo wa mlango, roho ikamsuuzika. Umeona, eh? Mpango umegoma.

Nyufa zilianza nyembamba kama nywele. Kisha zikapanuka, na asubuhi moja kipande kikubwa kama sinia kikadondoka sakafuni kikawa unga. Kwa mara ya kwanza Darubini aliingiwa na hofu. Lakini alijituliza: ndiyo hujuma yao hiyo, nimechelewa kidogo tu.

Siku ya ukaguzi alikuja mama mmoja kutoka ofisi ya majengo ya kale, viatu vya kazi miguuni na kinyundo cha mbao mkononi. Walisimama wanne mbele ya ukuta ulio wazi. Mkaguzi aligonga hapa, akagonga pale, na kila alipogonga plasta ililia kama debe tupu na kumeguka. Akatikisa kichwa.

“Nimetoka jikoni. Mchanganyiko ni huohuo, mkono ni huohuo, na kule imeshika vizuri,” alisema. “Ukuta ukikataa chokaa hivi, mara nyingi mawe yameoza ndani. Siwezi kuacha watu walale chini ya boriti hizi.”

“Mama, tafadhali,” alisema shemeji. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na Darubini hakuwahi kuisikia hivyo, hata makaburini. “Nilisema iuzwe, mpaka ofisi yenu iliponiambia inaweza kupona; tangu hapo nimekuomba sana kuhusu nyumba hii. Shemeji yangu hana kwingine. Mimi mwenyewe nilizaliwa chumba hiki.”

“Nakuelewa, baba. Labda kama ingekaushwa haraka ningesema kingine. Chokaa mbichi ikikauka kabla ya kukomaa inapasuka hivihivi, hata kama mawe ni mazima. Fundi, uliiacha ikauke?”

“Naapa, mama. Asubuhi na jioni. Sijawahi kukuta gunia kavu hata siku moja.”

“Basi ni mawe,” mkaguzi akasema, na kukiweka kinyundo mfukoni.

Darubini angeweza kunyamaza. Akinyamaza, atabaki mwanamke mwenye heshima zake asiye na nyumba. Aliona aibu, na aliogopa zaidi ya alivyoona aibu.

“Ni mimi,” alisema. “Nilikuwa nashusha magunia. Niliukausha kwa majiko ya mkaa, kila siku.”

Mkaguzi alipumua kwa nguvu, akamwambia Fundi abandue yote na aanze upya, naye atarudi kuangalia. Nyumba ilikuwa imepona, kwa sasa. Akaaga akaondoka.

“Niliona mnauozesha,” Darubini alimwambia shemeji yake. “Nilidhani unataka kunitoa.”

Shemeji hakupandisha sauti. Heri angeipandisha. “Nilimkataza Fundi asikueleze, nikijua utabisha kila kitu. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini kulowesha magunia ili tusijue, Shemeji? Kila siku? Mtu anayefanya hivyo anataka nini hasa?”

“Nilitaka kuilinda nyumba!”

Shemeji alimtazama kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Hakusema anamwamini.

Plasta mpya ilipopigwa, shemeji alileta komeo na kufuli kutoka dukani kwake, akavifunga kwenye mlango wa chumba cha mbele. Cherehani kikahamishiwa ukumbini, pasipo na dirisha. Asubuhi Darubini alisikia maji yakimwagwa upande wa pili, kisha Fundi akatoka na kubana kufuli.

“Fundi, niachie mlango wazi kidogo tu. Sitaingia. Nitatazama nikiwa hapahapa.”

Fundi aliinamisha macho, akautumbukiza ufunguo mfukoni.

“Muombe shemeji yako, mama,” alisema. “Mimi nimekatazwa.”