Kaburi la Jumapili

Bi Taipu alipostaafu ofisini, ambako ujana wake wote uliishia kuchapa maneno ya wakubwa, aliondoka na taipureta yake, akaiweka mbele ya dirisha la jikoni, akaanza kuchapa ya kwake. Dirisha lilitazama shimo. Zamani palikuwa na kilima, kabla kampuni ya kokoto haijakisaga.

Alianza na mteremko wa mashariki, alikochungia mbuzi utotoni. Asubuhi mumewe alifungua dirisha amwage majani ya chai, akakuta mteremko umerudi.

"Njia ya mbuzi umeichapa mara mbili," alisema.

Kweli, zilikuwa mbili. Bi Taipu alifuta moja.

Malori nayo yalikuja yakaupakia mteremko. Ikawa ndiyo desturi: jioni anachapa, asubuhi wanabeba. Meneja wa kampuni, kijana mwenye adabu zake, alikuja na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mama. Tunashukuru sana. Ila ukiweza, punguza udongo, ongeza mawe."

"Marahaba. Naandika kilivyokuwa, mwanangu."

"Basi hata hivyo si haba."

"Wewe unapika, wenzako wanapakua," mumewe alimtania mkewe, meneja alipokwisha kuondoka. Lakini Bi Taipu hakuwa na kinyongo. Chai ya asubuhi sasa waliinywa kivulini mwa kilima, na sukari ilikuwepo.

Kitu kimoja tu alikiruka kila mara: kaburi la mama yake, karibu na kilele, ambalo kampuni ililisaga pamoja na mengine bila kumwuliza mtu. Kuliandika ni kumrudisha mama, na kumrudisha ni kumpakiza tena kwenye lori. Hilo lilimtia hofu.

"Jumapili hawafanyi kazi," mumewe alisema siku moja, akimenya viazi.

Jumamosi jioni alilichapa, polepole, bila kosa hata moja. Jumapili alipanda kilimani na jembe dogo, akapalilia, akamsimulia mama habari za wajukuu, wakorofi na watulivu, akacheka peke yake mpaka jua likazama. Tangu astaafu hakuwahi kufurahi hivyo.

Jumatatu dereva wa lori la kwanza alivua kofia mbele ya kaburi.

"Shikamoo bibi," alisema, kisha akampungia mwenzake wa mashine achimbe.

Bi Taipu alisimama dirishani mpaka lori likapita. Halafu akapachika karatasi nyingine, akaanza upya na mteremko wa mashariki. Jumamosi haikuwa mbali.