Kioo cha Naftaly

Mwalimu Naftaly alikuwa amestaafu kufundisha, ila kubisha hakustaafu. Aliapa mbele ya kijiji kizima cha Muthara kwamba kioo cha gari ndicho kilichomgonga ndama wa jirani yake Kithaka. Waipa za pikapu yake kuukuu zilipaka vumbi badala ya kuliondoa, na vile vitundu viwili vya boneti vya kurushia kioo maji vilitema matone kama mtoto anayekataa dawa. Mtu angeonaje?

Kanini, bintiye anayefundisha Kaaga, alikuja Jumamosi kwa ajili ya ndama huyo.

"Baba, hii gari tuuze."

"Mama," alimjibu, maana binti alibeba jina la mama yake Naftaly, "hii gari imepeleka maziwa ya mama yako mjini Maua miaka ishirini. Shida ni kioo tu."

"Basi tengeneza kioo. Halafu twende nikikaa hapo kando. Ukiona vizuri, sitasema tena. Usipoona, unanipea funguo."

Wakakubaliana. Karwirwa, mkewe, alizikwa mwezi wa nne, na leso yake ilikuwa bado kwenye kiti cha kando. Naftaly hakutaka mgeni aikalie.

Alipofungua kopo la maji ya kioo, lilinuka maziwa yaliyoganda. Akaona aibu. Karwirwa ndiye aliyelijaza kila asubuhi, na Naftaly hakuwahi kuuliza kwa maji gani. Alipobaki peke yake, akaanza kutia yale ya kusuuzia mtungi wa maziwa, kwa kuwa Muthara maji hayamwagwi ovyo. Sasa mabonge meupe yalikuwa yameziba kila kitu.

Alilisuuza kopo kwa maji ya moto mara tatu. Akachomoa mpira mwembamba wa kupitishia maji, akaupuliza mpaka mashavu yakauma, bonge likaruka na kutua kwenye kiatu cha Kanini. Kanini akacheka, kicheko cha mama yake kabisa. Kisha Naftaly akatoa sindano kwenye mkebe wa kushonea wa Karwirwa azibue vitundu. Alikosea mara nne, sindano ikikwaruza boneti. Kanini alitaka kumsaidia, akakataa.

Akajaza maji safi ya tangi, akaketi kwenye usukani, akabonyeza. Maji yaliruka kwa nguvu, yakapiga kioo katikati. Waipa zikapita.

"Hapo sasa hata nzi hawezi kujificha," Kanini alisema kutoka nje.

Naftaly akatazama mbele. Akabonyeza tena, na tena, mpaka kopo likakauka. Ukungu aliokuwa akiuona ulikuwa pale pale.

Ndipo alipomkumbuka Karwirwa hapo kando, mdomo haufungi. "Baba Kanini, bodaboda huyo kushoto. Punda hao. Bampu iko hapa." Miaka mitatu Naftaly alimwambia anyamaze, aache kumfundisha mwalimu barabara. Hakunyamaza. Wala hakumwambia hata siku moja kwamba macho yake yamekwisha. Alimtajia njia tu, akamwachia heshima yake.

Kanini aliingia, akaikunja leso na kuiweka magotini. "Baba, unaona?"

"Naona ng'ombe ya Kithaka wamefunga kwa geti."

"Hiyo ni tangi ya maji, Baba."

Siku ya mazishi Naftaly alisimama macho makavu, watu wakamsifu. Sasa alilia mbele ya mtoto wake, akizililia zile mara zote alizomwambia Karwirwa anyamaze. Maji yakishamwagika hayazoleki. Akachomoa ufunguo, akaupapasa mkono wa Kanini, akamwekea.

Wakabadilishana viti. Leso sasa ilikuwa magotini pa Naftaly. Kanini akawasha gari, wakatoka taratibu mpaka barabarani.

"Mama," Naftaly alisema, "huko mbele kuna nini?"

"Punda, Baba. Punda wawili, na mtu wa bodaboda kushoto."

"Endelea," akasema. "Usinyamaze."