Maneno Chini ya Uso Wangu

Siku filamu ilipoletwa Ngungu, Mama Élisabeth, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, aliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri. Ukutani palitundikwa shuka jeupe. Nilikaa mbele, kwa kuwa nilijua nimo.

Miaka miwili kabla ya hapo, watu wa kamera walinikuta nikimenya mihogo nyuma ya kanisa. Mkalimani wao alikuwa Grégoire, mtu wa Walikale mjini. Niliwaambia jambo moja tu. Tulipokimbia vita, binti yangu Cindy alifuata majirani kuelekea Buleusa, nasi hatukuonana tena. Nilisema kwa Kihunde, lugha niliyomlelea, ili siku akiiona filamu asiwe na shaka: niko hai, niko Ngungu, ninakungojea, rudi. Kila niliponyamaza, Grégoire aliitikia kwa kichwa.

Uso wangu ulipotokea, wenzangu walicheka kwa furaha. Kisha ndani ya filamu kikaanza kinanda. Midomo yangu ilicheza. Sauti yangu haikuwepo. Chini ya uso wangu yakatokea maandishi ya Kiswahili. Mwaka uliopita yangekuwa kwangu nyayo za kuku. Sasa niliyafuata kwa kidole hewani, silabi kwa silabi: “Nimepoteza wote. Sina tena mtu wa kumngojea. Ninashukuru kwa msaada.”

Niliomba irudishwe nyuma. Grégoire, ambaye sasa ndiye aliyeendesha mashine, aliirudisha, nami nikasoma kwa sauti. Kicheko kilikwisha, maana hakuna aliyekuwa hajui habari za Cindy. Nilimuuliza kama anajua Kihunde. Alijibu kwamba anajua kusalimia. Siku ile alikuwa ameona haya kukiri mbele ya wakubwa wake.

“Sasa ile maneno ulitosha wapi, ulitoa mu kinywa ya nani, Papa Grégoire?”

“Mama, wamama wote walikuwa wanasema vile. Nikawaza na yako iko ile ile.”

Nikamuuliza filamu imepita wapi. Walikale, akasema, na Buleusa mara tatu. Huko Buleusa, binti mmoja alisimama katikati ya filamu, akatoka akilia.

“Ulimuuliza jina?”

“Mama, watu wanaliaka mu filme.”

Cindy alimaliza shule ya msingi. Anasoma upesi kuliko mimi. Kama ni yeye, alihitaji kutazama mara moja tu ili ajue kwamba mama yake ameacha kumngojea.

Mama Élisabeth alinishika mkono, niliutoa. Darasani kwetu chaki ni haba, kwa hiyo tunajifunza kuandika kwa makala, mkaa wa jikoni, juu ya maboksi. Nilichukua kipande kikubwa cha mkaa. Uso wangu ulikuwa umesimamishwa pale juu ya shuka, nami nikaandika chini ya kidevu chake, kwa nguvu, herufi zikipinda: CINDY, NI MIMI MAMA YAKO COLETTE. NIKO HAI. NIKO NGUNGU NYUMA YA KANISA. NINAKUNGOJEA.

Grégoire alinung'unika kwamba shuka ni la mradi, nami nimeliharibu. Nilimwambia liliharibika zamani. Kesho aanzie Buleusa, atundike shuka hili hili, na ninapotokea azime kinanda.

“Lakini kwanza usome hapa,” nikamwambia. “Wote wasikie.”

Alisoma. Alipofika mwisho, sauti yake ilikuwa imeshuka mno. Nikamwamuru aanze tena.