Krosi za Githae

Mwezi uliopita, kuanzia Kamenu ninakoishi mpaka Ruiru, hakukuwa na kinyozi, muuza nyanya wala mhubiri ambaye hakunisimamisha kuniuliza, "Kocha Njau, msimu huu mabao yatatoka wapi?" Ukiwajibu kwa upole wanasema hujui kazi. Ukinyamaza wanasema umekata tamaa. Mimi sikuumbwa na upole mwingi, kwa hiyo wengine niliwaambia waende wakajifungie mabao wenyewe. Lakini ukweli ni kwamba swali hilo lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Timu yangu ni Ndarugo Rangers. Hatuna pesa za kununua mshambuliaji kutoka nje, na hatukuwahi kuzihitaji, maana tulikuwa na Githae na Nzioki. Githae ni winga wa kushoto, mwembamba, mwenye maneno mengi, na mguu wake wa kushoto una akili kuliko yeye mwenyewe. Nzioki ni mshambuliaji wa kati, mtu wa Ngoliba, mkimya, mwenye mabega ya kubeba mawe. Nilimtoa kwenye mashindano ya vijijini nikamfundisha hata jinsi ya kufunga kamba za viatu zisifunguke. Nampenda kama mwanangu, na sioni haya kusema hivyo. Msimu uliopita Githae alipiga krosi, Nzioki akatia kichwa, tukamaliza ligi juu ya timu zenye mabasi yao na madaktari wao. Wanaishi ploti moja kule Mwihoko, mlango kwa mlango, na walikuwa wakifika mazoezini Kalimoni pamoja, wakicheka mambo ambayo sisi wengine hatukuyaelewa.

Tulipoanza kujiandaa kwa msimu mpya, walifika mmoja mmoja. Mwanzoni sikujali. Kisha nikaona kwamba Githae akipata mpira pembeni anautazama mwamba wa goli, anamtazama beki, anatazama hata ng'ombe wanaolisha nje ya uwanja, lakini hamtazami Nzioki. Anajipigia mwenyewe, mpira unaenda kwenye mahindi ya watu. Naye Nzioki anasimama katikati, mikono kiunoni, wala haombi pasi. Tukacheza mechi za kirafiki na timu ambazo zamani tungezifunga huku tukipiga miayo. Tukatoka bila bao.

Niliwapangia mazoezi ya krosi mpaka nyasi zikaisha. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikamwita kila mmoja kando.

"Iko shida gani na Nzioki?" nilimuuliza Githae.

"Hakuna shida, Kocha. Tuko poa."

Nikamuuliza Nzioki.

"Hakuna shida, Kocha."

Mtu mzima akikwambia hakuna shida huku anatazama vidole vyake vya miguu, ujue shida iko na imekomaa.

Mwenyekiti wetu, Gachanja, ni mtu wa machimbo ya mawe, na subira yake huisha kabla ya chai kupoa. Alikuja Kalimoni, akasimama karibu nami akiwa na miwani yake ya jua, akatazama mazoezi.

"Njau, mimi sijui mpira," alisema, "lakini najua striker asiyefunga ni hasara. Hiyo friendly ya mwisho, pale Thika, nitakuja. Nzioki asipofunga, namwachilia. Kuna kijana mwingine nimeambiwa."

"Chairman, shida si Nzioki. Hapewi mpira."

"Hiyo ni story ya kocha. Mimi nataka bao."

Nilirudi nyumbani Kamenu na hasira za kuvunja kikombe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa na vidole viwili vizuri vilivyokataa kukutana. Nilimweleza mke wangu Maggie. Yeye anawajua wake wote wa wachezaji. Wakifiwa ndiye anayepanga safari, wakizaa ndiye anayepanga ziara. Nilimwomba aende Mwihoko akanichunguzie.

Alikwenda asubuhi akarudi jioni. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akanitazama kama mtu aliyebeba yai lililopasuka.

"Baba Wangechi," alisema, "wachezaji wako hawajagombana. Ni wake zao. Na kosa ni langu."

Hadithi ilikuwa hivi. Idah, mke wa Githae, alijifungua msichana wao wa tatu. Uchungu ulimshika alfajiri Githae akiwa Kisumu na timu, na aliyempeleka hospitali, akamshika mkono mpaka mtoto akalia, ni Kavata, mke wa Nzioki. Baadaye Maggie akapanga siku ya wanawake kwenda kumwona mtoto, kama ilivyo desturi: unga, sukari, kuni, na uji wa mama mzazi. Alitangaza kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Lakini wiki ile Kavata alikuwa ameibiwa simu Githurai, akanunua laini mpya, na kwenye kikundi hakuwepo tena.

"Na hakuna aliyemwambia?" niliuliza.

"Nani angemwambia, Baba Wangechi, na yeye anakaa mlango wa pili? Kila mtu alifikiria anajua. Tulipita hapo kwake tukiimba, na kuni mgongoni. Mimi nilijua tutampata kwa Idah akipika chai."

Hawakumpata. Kavata alikuwa ndani kwake, amekaa kitandani, akisikiliza wanawake wote wa timu wakipita mlangoni pake bila hata mmoja kugonga. Upande wa pili wa ukuta, Idah alikuwa akikataa kugawa chai kwa sababu alimngoja Kavata. Mpaka wageni wakaondoka. Tangu siku hiyo Idah anasema, "Nilimwita nani? Jirani haitwi." Kavata anasema, "Mimi siendi kwa watu bila kuitwa." Wanaanika nguo kwa zamu ili wasikutane kwenye kamba. Na waume zao, badala ya kuuliza, kila mmoja alimeza uchungu wa mke wake akaja kuutapika kwenye uwanja wangu.

"Basi mrudi tena," nilisema. "Safari hii mmchukue."

"Haiya! Mtoto anaonwa mara mbili?" Maggie alisema. "Idah atasema tumekuja kumwonea huruma. Hiyo siku imepita."

Nilizunguka meza. Mimi kazi yangu ni hiyo: ukizibiwa katikati, tafuta pembeni.

"Wanawake wamemwona," nilisema. "Wanaume wa timu je?"

Maggie alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa.

Jumamosi baada ya mazoezi niliwaambia wachezaji hakuna kwenda nyumbani. Kila mmoja alikuwa ameagizwa alete kitu, bila Githae na Nzioki kuambiwa lolote. Muli, kipa wetu, mrefu kama mlingoti, alikabidhiwa sufuria ya uji na kuonywa kwamba akiumwaga atakaa benchi mpaka Krismasi. Mabeki walifunga mizigo ya kuni. Wachezaji wa kiungo walibeba unga. Tulipofika Mwihoko na mizigo yetu, mtaa mzima ulitoka milangoni. Wanawake walipiga vigelegele, mama mmoja wa mboga akashika kiuno akasema, "Ngai! Hii dunia imeisha, wanaume wamebeba kuni!" Githae na Nzioki walikuwa nyuma, mmoja kushoto na mwingine kulia, wameanza kuelewa, na nyuso zao hazikuwa nzuri.

Tulipofika kwenye ploti, Githae alisogea mbele atufungulie mlango wake. Nilimzuia kwa mkono. Maggie, aliyekuja nasi, alipita, akaenda kwenye mlango wa Kavata, akagonga.

Kavata alifungua. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyokubali kudanganywa. Alitutazama sisi wote na kuni zetu.

"Kavata mwanangu," Maggie alisema, "siku ile tulipita hapa na hatukugonga. Mimi ndiye nilikuwa mbele, kwa hivyo mimi ndiye sikugonga. Leo nimegonga. Tumekuja kukuita, twende tuone mtoto."

Kavata aligeuka akaingia ndani, nami nikadhani mlango unafungwa na msimu wangu nao. Kisha akatoka amebeba kiondo kilichofungwa kwa leso. Alikuwa amekifunga tangu siku ile ya wanawake, na hakukifungua, hata unga uliokuwa ndani hakuupika. Maggie alipokiona alijifuta macho na sijui kama alijua kwamba tunamwona.

Idah tayari alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtoto begani. Umbali kati yao ulikuwa kamba moja ya nguo.

"Umechelewa," Idah alisema.

"Sikuitwa."

"Wewe wa kuitwa? Wewe uliyenishika mkono?"

"Hata mimi, Mama Gathoni. Kila mtu anaitwa."

Muli alikuwa bado amebeba uji, hakuthubutu kuuweka chini. Nilitaka kusema neno, Maggie akanikanyaga.

Ndipo Idah akavuka ile kamba ya nguo, akamweka mtoto mikononi mwa Kavata, aliyekuwa bado ameshika kiondo.

"Basi nakuita," alisema. "Chukua wajina wako."

"Wajina wangu?"

"Gathoni ana jina la mama ya Githae. Wa pili ana la mama yangu. Wa tatu hupewa la dada ya baba, na Githae hana dada. Huyu angekuwa nani? Ni Kavata. Nilitaka kukuambia siku ile mbele ya watu. Nilikungoja na chai ikapoa, nikakasirika, tangu hapo tunamwita tu 'mtoto'."

Sasa nilielewa kwa nini Githae hakuweza hata kumtazama mwenzake. Alikuwa amempa mtoto wake jina la mke wa Nzioki, na kwa macho yake jina hilo lilikuwa limekataliwa. Kavata alilia bila kujificha, akimbusu mtoto kila mahali pasipofunikwa. Wanaume wazima tulitazama paa za mabati.

Nzioki ndiye aliyetuokoa. Alisogea polepole, akainama juu ya mtoto, akavua kofia.

"Kama huyu ni Kavata," alisema, "basi ni bibi yangu."

Watu walicheka. Kwetu, na kwao kina Nzioki walio Wakamba, desturi ni hiyo moja: aliyepewa jina la mke wako ni mke wako wa utani, mpaka azeeke.

"Buda, unajua maana yake?" Muli alipaza sauti kutoka nyuma ya sufuria. "Githae ni father-in-law wako!"

Nzioki alifikiri kidogo. Kisha yule mtu mkimya, ambaye sijawahi kumwona akifanya mzaha, akamwendea Githae akiwa ameinamisha kichwa kama mkwe aliyekuja kuposa, akamsalimia kwa mikono miwili. Alipomwona Idah anakuja upande wake, akaruka pembeni, akisema Mkamba hasimami karibu na mama mkwe. Idah alicheka mpaka akamshikilia Kavata asianguke. Githae alijaribu kubaki na uso mkali. Hakuweza.

"Haya, mkwe," alisema. "Kaa chini ule."

Tulikunywa ule uji wote. Haukuwa mtamu, maana niliupika mimi.

Siku ya mechi ya mwisho ya kirafiki, pale uwanja wa Thika, Gachanja alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na benchi langu. Desturi ni nzuri, lakini haijawahi kufunga bao. Kipindi cha kwanza kilipita bure. Kipindi cha pili Githae alimzunguka beki, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi akamtafuta Nzioki. Krosi ilikuja safi. Goli lilikuwa wazi. Nzioki alipiga juu, mpira ukaenda barabarani.

"Umeona?" Gachanja alisema. "Umeona? Leo amepewa."

Nilimwona Nzioki amejishika kichwa, anatazama jukwaani alikokuwa Kavata, na nilijua anahesabu kwamba amekwisha. Githae alimkimbilia, akamnong'oneza kitu, akarudi pembeni kwake.

Muda ulikuwa unayoyoma Githae alipopenya tena. Safari hii alikuwa peke yake, kipa ametoka, pembe ya goli iko wazi kwa mguu wake wa kushoto. Mimi mwenyewe, ninayempenda Nzioki kama mwanangu, nilipiga kelele, "Piga!" Uwanja mzima ulipiga kelele, "Piga!" Githae akasimama, akautuliza mpira, na akampa Nzioki, yuleyule aliyetoka kukosa, palepale alipokosea.

Nzioki hakupiga vizuri. Mpira ulimgonga kwenye ugoko, ukajikokota mpaka wavuni. Nilijikuta nimemkumbatia Gachanja, miwani yake ikaanguka, na hakuiokota upesi.

Baada ya mechi nilimshika Githae sikio, kwa mapenzi lakini kwa nguvu.

"Wewe ulikuwa na goli lote. Kwa nini ulimpa mtu aliyekosa?"

Alinishangaa, kama vile mimi ndiye mgeni katika nchi hii.

"Kocha," alisema, "mkwe akimwaga sahani ya kwanza, unampakulia nyingine."