Mpiga Besi wa Jumamosi

Fundi cherehani nusura ageuzie mlangoni. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Besi kwa kuwa ujana wake wote alipiga gitaa la besi katika bendi za harusi, alikuwa amegoma kuingia.

"Twende nyumbani. Mama ananisubiri."

Mama yake alikuwa marehemu siku nyingi.

"Tukae kidogo tu, baba watoto. Ukichoka tunaondoka."

Ukumbi ulikuwa nyuma ya zahanati. Kila Jumamosi wazee waliopungukiwa na kumbukumbu walikutana humo na ndugu wanaowatunza, wakanywa chai na kuimba. Muuguzi mstaafu aliyeanzisha shughuli hiyo ndiye aliyepiga kinanda. Mkewe Besi alikaa roho juu. Wiki ile ile mumewe alikuwa amemfukuza mgeni sebuleni akidhani mwizi, kumbe ni mtoto wao wa kumzaa. Hapa mbele za watu je?

Muuguzi akampa Besi gitaa la besi, akaliunganisha na spika. Mzee akalipakata kama mzigo wa mtu mwingine.

Akasimama mwalimu mstaafu, mrefu, suti imepigwa pasi ikakaa, akaanza wimbo wa mapenzi wa zamani zao. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Wa pili ukamponyoka katikati. Akabaki mdomo wazi, macho yakizunguka. Kinanda kikanyamaza. Binti yake akanyanyuka kwenda kumrudisha kitini.

Hapo besi ikaunguruma.

Besi alikuwa ameinua kichwa, vidole vinatembea kwenye nyuzi bila kuulizwa. Alirudia kipande kile kile, taratibu, macho kwa mwimbaji.

"Usiharakishe, ndugu yangu," alisema. "Mimi nipo."

Akazunguka tena, na tena. Kinanda kikamfuata. Mwalimu akafumba macho, akatikisa bega moja, kisha maneno yakamjia yote, na ukumbi mzima ukaitikia kiitikio hadi madirisha yakatetemeka.

"Jamani, yule mpiga besi ni nani?" aliuliza binti wa mwalimu, akijifuta machozi.

"Wangu yule!" Sauti ilimtoka fundi, kubwa kuliko alivyotaka. Wala hakuishusha. "Mume wangu."

Wakati wa chai Besi alimtazama mkewe kwa adabu, kama mtu aliyekutana naye safarini.

"Dada, na wewe umekuja na nani?"

Siku nyingine swali hilo lingemchoma. Leo alijibu kifua mbele:

"Nimekuja na mpiga besi."

Mzee akajiweka sawa kola. "Basi umebahatika. Wa namna ile siku hizi hawapatikani."

Fundi akacheka hadi chai ikamwagikia gauni alilolishona mwenyewe.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nilikubali anioe."

Besi akawaza kidogo, akasogeza kiti chake karibu.

"Hakukosea, huyo bwana."