Masalia ya Fundi Seremala

Wateja walimwita Mama Kamusi, maana ukimuuliza neno alikupa neno pamoja na ukoo wake mzima. Alikuwa mtafsiri wa hati katika chumba kimoja juu ya duka la vioo. Zamani walikuwa wawili pale, yeye na mumewe, wakibishana juu ya koma mpaka chai inapoa. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike. Watu walipompa pole alijibu, "Tumeshapoa," akainamia karatasi. Neno mjane hakulitia kinywani hata siku moja. Kwenye fomu, penye swali la ndoa, aliruka.

Siku moja akaja bibi wa miaka sabini na ushei, fundi cherehani mstaafu, na maandishi ya Kiingereza aliyonakili kutoka kaburi la nyanya yake.

"Jiwe limepasuka," alisema. "Tunachonga jingine, kwa lugha yetu, wajukuu wasome."

Ilikuwa mistari mitatu tu: jina, mwaka, kisha mwanamke huyo akatajwa kuwa "relict" wa marehemu fundi seremala. Mtafsiri hakukuna kichwa. Mwezi uliopita tu alitafsiri kitabu cha misitu, na humo neno hilo lilikuwa mmea uliosalia peke yake baada ya jamii yake kutoweka. Hapa, akawaza, ni mambo ya makaburi, labda wanasema mifupa. Akaandika "masalia ya marehemu fundi seremala," akagonga muhuri.

Kesho yake bibi akarudi, mkoba kaubana kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mchonga mawe kanicheka! Nyanya yangu kalea watoto sita peke yake, leo nimwandike masalia? Kama makombo ya sufuria?"

Mtafsiri akaona haya. Akashusha kamusi kubwa ya mumewe, ambayo haikufunguliwa tangu msiba. Ile maana ya mimea ilikuwepo. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maana ya kale, iliyokwisha kuachwa. Akaisoma mara mbili.

"Nisamehe, mama. Zamani walimwita hivyo mwanamke aliyefiwa na mumewe. Maana yake mjane."

"Basi si ungeandika mjane! Neno lipo, halilipiwi kodi."

"Kosa langu. Neno hilo... huwa linanipita."

Bibi akamtazama, kisha akatazama kiti cha pili kilichorundikwa mafaili. "Na wewe, mwenzio yuko wapi?"

"Mimi..." Akakohoa. "Mimi mjane, mama. Mwaka wa pili huu."

"Mimi wa ishirini na tatu," bibi akasema, kama anayetaja namba ya nyumba. "Siku za kazi hazina neno. Jumapili ndiyo ndefu. Njoo tushinde wote. Mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Akaahidi. Jumapili ya kwanza alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Ya pili alisingizia mvua, na yalikuwa manyunyu. Aliogopa kufika akakosa la kusema, yeye mwenye maneno yote. Ya tatu akajipa moyo, akanunua machungwa, akaenda.

Mlango wa kijani ulikuwa na kufuli. Jirani, mwanamke wa rika lake, alikuwa akianika shuka.

"Bibi fundi? Mwanawe kamchukua Alhamisi, kampeleka kwake mbali. Ngazi hizi zilishamshinda, magoti. Kuna mgeni bibi alikuwa akimngoja, Jumapili mbili hizi. Alikuwa akiweka vikombe viwili. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Namba ya simu hakuacha."

Mtafsiri akamkabidhi machungwa. Upepo ulikuwa ukiisumbua ile shuka, akaishika upande wa pili mpaka ikabanwa vizuri. Jirani akamkaribisha akae. Akasema siku nyingine. Akarudi kwa miguu, jua kali, polepole, kwani hapakuwa na mtu wa kumuuliza mbona amechelewa.