Isuleni Si Wimbo wa Harusi

Ukitaka kuniudhi, nialike harusi hapa Kitwe. Nitakuja, nitakula kuku wako, nitasifu gauni la bibi harusi. Lakini ngoja akina mama wafike mlangoni na masufuria kichwani, wamebeba chakula cha kumpelekea bwana harusi, waanze kuimba Isuleni, yaani fungueni, fungueni jamani nipo hapa, huku wanakata viuno mpaka vifuniko vinagongana. Hapo natoka nje. Majirani husema mimi, Bana Lombe, yaani mama wa Lombe, nina maringo. Maringo gani? Mimi ndiye niliyeimba sauti ya pili katika wimbo ule, mwaka sabini na tano, nikiwa na miaka kumi na tisa, na wimbo ule si wa harusi.

Bendi yetu iliitwa Zamu ya Tatu. Wanaume wanne, wote wachimbaji wa shaba wa zamu ya usiku, na mimi. Mazoezi tulifanya asubuhi wakishatoka shimoni, macho mekundu, ovaroli zimeganda tope, mmoja analala juu ya ngoma yake mpaka umfinye. Hujawahi kutusikia, na sikulaumu. Wazungu walipokuja miaka ya karibuni kutafuta bendi zetu za zamani, walitafuta wenye suruali za bugaluu na nywele kama kichaka, wale waliopiga magita ya kukwaruza. Hao wamepata vitabu na filamu, na wengine wamepandishwa ndege wakiwa wazee wasio na meno. Sawa, walistahili. Lakini sisi tulipiga tukiwa tumevaa ovaroli, na mtu wa ovaroli nani humpiga picha? Nasema wazi bila haya: hakuna hata mmoja kati ya wale wa nywele aliyeweza kushika gita kama Gershom Chipasha.

Gershom ndiye aliyekuwa amebaki, yeye na mimi. Wale watatu tulikuwa tumeshawazika. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la mgodi na alipumua kama mtu anayenyonya uji kwa mrija. Alikuwa mtani wangu: yeye wa ukoo wa mamba, mimi wa ukoo wa samaki, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini hatukuwahi kusalimiana kwa adabu.

Siku moja niliingia kwake mbio mbio. "We mamba, bado hujafa?"

"Nitakufaje na sijakula samaki wa mwisho? Kaa hapo. Mbona unahema?"

Nikamwambia. Redio ya hapa mjini imeanzisha kipindi, Bendi Tulizozisahau, kila Alhamisi saa nne asubuhi. Mtangazaji ni binti mmoja anaitwa Mapalo. Wiki iliyopita alikuwa ameipiga Isuleni hewani, akasema, nanukuu, "wimbo mtamu wa mababu zetu."

Gershom alicheka mpaka akakohoa. "Mababu! Basi nimezeeka kweli."

Sikucheka. Nilitaka jambo moja tu duniani: kabla pumzi ile haijakatika, Gershom asikie redioni kwamba Isuleni ni wimbo wake. Nikamwambia nakwenda huko redioni.

"Nenda," akasema. "Ila uvae viatu. Usinitie aibu, nyinyi samaki mmezoea matope."

Nikavaa viatu. Nikachukua santuri yetu, ile moja iliyobaki, nikaifunga kwenye chitenge changu kipya, nikaenda. Mapalo alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita Mama. Akaigeuza ile santuri chini ya taa kwa uangalifu kama yai. Halafu akasoma kile kibandiko cha katikati, uso ukambadilika.

"Mama, samahani. Hapa wameandika wimbo wa asili. Kupigwa, mmepiga nyinyi. Lakini mtunzi hakuna."

"Yupo. Gershom Chipasha, mtaa wa Chimwemwe, nyumba yenye mlango wa kijani."

"Sasa kwa nini hamkuandika jina lake?"

Mungu wangu. Swali hilo nimelikwepa miaka yote, na mtoto aliyezaliwa jana ndiye ananiuliza. Nikamjibu, kwa sababu mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Tulikuwa Ndola, kwenye kampuni ya santuri, kampuni yenyewe ilishakufa zamani. Karani alitupa fomu. Wale wanaume vidole vyao vilikuwa vya kushika sululu, basi wakanisukumia mimi niliyesoma hadi darasa la saba. Kulikuwa na mstari: mtunzi. Nikamuuliza Gershom, niandike nani? Akasema, "Andika fwebo." Fwebo ni sisi. Kwetu mtu mzima aliyelelewa hajitaji "mimi, mimi" kama mtoto anayegombea nyama. Anasema sisi, na kila mwenye akili anajua anajisemea yeye mwenyewe. Nilijua. Mama yake angejua. Nikaandika fwebo kwa mwandiko wangu mzuri, na nikajiona nimelelewa vizuri. Karani alikuwa mtu wa mbali, hakujua lugha. Akauliza wenzake ofisini neno hilo maana yake nini, akaambiwa ni sisi, naye akaona sisi ni watu wote, kijiji kizima na waliokufa. Akapiga chapa: asili. Kosa si la karani. Ningeandika Gershom, herufi saba tu, leo tusingekuwa hapa.

Mapalo akauliza, "Na wimbo unahusu nini, Mama? Mimi kwenye harusi ya dada yangu niliucheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika."

"Weka usikie."

Akaiweka. Ilikuwa na mikwaruzo lakini ilisikika. Gershom anaanza kwa kugonga ubao wa gita na kidole gumba, mara tatu, kisha kimya. Kimya kirefu, hata ukadhani sindano imeruka. Anagonga tena mara tatu. Nikamwambia: Gershom alikuwa na mdogo wake, Abeli, aliyekuwa akichimba mgodi mwingine, sitautaja. Dari ya mwamba ilishuka. Siku mbili waliokuwa nje walisikia mtu akigonga kutoka ndani, mara tatu, mara tatu. Gershom alikuwa pale, sikio juu ya jiwe, naye akimgongea. Siku ya tatu akagonga, akangoja. Kile kimya unachosikia hapo ndicho alichokisikia. Nyinyi kwenye harusi mmekijaza vigelegele.

Mapalo akaondoa sindano. "Mama, bila karatasi mkubwa wangu hatanikubalia. Lakini tufanye hivi. Alhamisi nitampigia simu moja kwa moja hewani. Nitamuuliza nani alitunga. Akisema ni mimi, imekwisha, mji mzima umesikia, nani atabisha?"

Niliruka nikamkumbatia. Kweli niliruka, na magoti haya.

Siku mbili nilizobakiwa nazo nikamfundisha Gershom kusema mimi. Usicheke. Mzee wa miaka sabini na nane, anakaa kitandani, na mimi nimesimama mbele yake kama mwalimu wa chekechea.

"Nani alitunga Isuleni?"

"Ni sisi."

"Pumbavu! Nani?"

"Mi... mimi."

"Kwa sauti, mamba wewe!"

"Mimi! Mimi! Ah, mtani, neno hili linakaa kinywani kama mchanga."

"Litafune hivyo hivyo."

Alhamisi nikafika mapema. Nilitaka tuwe wawili tu. Lakini binti yake Kapambwe alikuwa amesikia kwamba baba atapigiwa na redio, naye hawezi kufunga mdomo, basi chumba kilikuwa kimejaa. Mchungaji yuko pale. Wazee wawili wa kanisa. Jirani na watoto wake. Wamemvalisha Gershom koti juu ya pajama, wamemnyoa. Kapambwe ameiweka simu kwenye spika, juu ya mto. Mbele ya watu hao atasemaje mimi? Lakini ningewafukuzaje, nyumba si yangu.

Simu ikalia. Sauti ya Mapalo ikajaa chumba. Akamsalimu, akamsifu, akaitaja bendi yetu kwa jina, Zamu ya Tatu, mara mbili. Miaka arobaini sijasikia jina hilo kinywani mwa mtu mwingine. Kisha akauliza, polepole, kama anayemvusha mtu mto: "Baba, waambie wasikilizaji. Wimbo huu wa Isuleni, nani aliutunga?"

Gershom alinitazama. Nikamwinamishia kichwa. Halafu akamtazama mchungaji, na wale wazee, na binti yake aliyekuwa anatabasamu. Akalamba midomo.

"Ah, mwanangu," akasema. "Ni sisi."

"Sisi nani, Baba?"

"Sisi tu. Watu."

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee ana adabu! Mapalo alijaribu tena, Mungu ambariki, akauliza kama labda kuna mmoja aliyeanza, na Gershom akasema hakuna kitu mtu hufanya peke yake. Mimi nikaishika ile simu, nikapiga kelele, "Ni yeye! Ni Gershom!" Kumbe walishakata. Redio ya jirani dirishani ilikuwa imeingia kwenye tangazo la chakula cha kuku.

Watu walipotoka nikabaki nimekaa.

"Umekasirika," akasema.

"Nimekasirika mpaka mifupa."

"Wangeniona nasimama juu ya Abeli ili nionekane mrefu."

"Hawamjui Abeli! Hakuna anayemjua Abeli, kwa sababu hujamtaja! Umemfundisha adabu mpaka aliyekufa!"

Alivuta blanketi akageukia ukutani, na mimi nikaenda nyumbani bila kumtukana kwaheri kama kawaida yetu. Baada ya wiki tatu alifariki, asubuhi, saa za mazoezi yetu.

Msibani watu walikuwa wengi. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri kwamba marehemu alifanya kazi mgodini miaka thelathini, alikuwa mnyenyekevu, na alipenda muziki. Alipenda muziki! Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchimba kaburi la pili. Tulipotoka makaburini tukarudi nyumbani kwake, tukakaa uani, wanawake kwenye mikeka, kukawa kimya. Nikaona basi. Kama redio imeshindwa, sisi wawili tulioimba hatujashindwa, na mmoja wetu bado ana sauti. Nikasimama. Nikagonga ndoo ya maji mara tatu, nikaanza Isuleni, polepole, kama tulivyoirekodi.

Mtu mmoja nyuma akacheka.

Kisha mwingine. "Hoyee! Watani wameanza!" Maana mtani msibani ana ruhusa yote, anaweza kumdai marehemu suruali, anaweza kulala kwenye jeneza, na kila analofanya ni la kuwachekesha wafiwa. Na mimi je? Bibi kizee wa ukoo wa samaki anaimba wimbo wa harusi kwenye matanga ya mamba! Wakashika mbavu. Mke wa mchungaji akainuka akaja kucheza mbele yangu, anakata kiuno. Vigelegele. Nikaongeza sauti, nikafumba macho, machozi yananitoka, na wao wakazidi kushangilia kwa jinsi nilivyokuwa naigiza vizuri. Niliimba beti zote mbili mpaka mwisho. Sikukubali kukatiza.

Nilipokaa, Kapambwe akaja akapiga magoti kwangu, bado anajifuta macho kwa kicheko.

"Asante, Mama. Umetuchangamsha. Tangu juzi sijacheka."

Nikamshika mkono. "Kapambwe, nisikilize. Sitanii. Huu wimbo ni wa kilio. Baba yako aliutunga peke yake, akimlilia mdogo wake aliyefukiwa shimoni. Aliitwa Abeli. Baba yako ndiye mtunzi wa Isuleni."

Alinitazama kidogo. Nilidhani amenisikia. Kisha midomo ikamcheza, akanipiga begani, akawageukia wenzake.

"Jamani, njooni mumsikie mtani! Eti Isuleni kaitunga baba!"

Uwanja mzima ukalipuka tena. Wakaniletea nshima na kuku, sahani kubwa kuliko za wengine, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi nzuri.